Kawawa: Mcheza filamu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu

JINA la Rashidi Mfaume Kawawa, aliyefariki dunia Desemba 31, 2009 na kuzikwa Madale, wilayani Kinondoni, hutajwa zaidi katika siasa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alipata kujulikana pia kwenye sinema.

Mzaliwa huyo wa Songea mwaka 1926, aliyesoma Tabora, alikuwa mtumishi wa Idara ya Ustawi wa Jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, filamu za Kiswahili zilipoanza kutengenezwa Tanganyika chini ya serikali ya kikoloni, aliigiza katika Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi.

Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL. Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa ndiye aliyekabidhiwa wadhifa huo. Aliushika tena kuanzia 1972 hadi 1977.

Siasa zake zimeandikwa vitabuni. Uigizaji wake umo katika mikanda, nayo huoza kwa joto na unyevu.

Ufaransa ililijua hilo kwa machungu. Mwanzilishi wa sinema, Georges Méliès, aliichoma mikanda yake mwaka 1923, na filamu zake nyingi zikapotea. Mwaka 1936 Henri Langlois na wenzake wakaanzisha hifadhi ya filamu jijini Paris.

Filamu za Kawawa zinastahili hifadhi kama hiyo. Mkanda ukishaoza, hakuna hotuba itakayoirejesha sura ya kijana yule.