HAYATI MWALIMU JULIUS KAMBARAGE NYERERE NA DENI LA MSOMI

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922 kijijini Butiama, mkoani Mara, akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mgaya wa Nyang'ombe. Alianza masomo akiwa na umri wa miaka 12 katika shule ya Mwisenge, Musoma. Kutoka huko alichaguliwa kwenda shule ya serikali Tabora, kisha Chuo cha Makerere, Uganda, alikosomea ualimu kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Baada ya kufundisha Tabora, alipata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akahitimu mwaka 1952.

Katika miaka hiyo Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka elimu ya juu ilimpasa kuvuka mpaka, na waliobahatika kuvuka walikuwa wachache mno. Mwalimu alirejea akafundisha Pugu. Mwaka 1954 akaongoza kuundwa kwa TANU, na mwaka uliofuata akauacha ualimu ili aitumikie nchi.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa wanafunzi wachache wa sheria. Hakikuwa na majengo yake. TANU ilikiachia jengo lake la Mtaa wa Lumumba, hata kikahamia Mlimani mwaka 1964. Hivyo chama kilichoongozwa na mhitimu wa Makerere na Edinburgh kilitoa nyumba yake ili vijana wengine wasome nyumbani. Mwaka 1963 Mwalimu alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na tangu 1970 hadi 1985 Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwalimu alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, amewasaliti. Fundisho hilo lilijaribiwa Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa. Wako walioiona adhabu hiyo kuwa kali kupita kiasi. Lakini siku hiyo hiyo Mwalimu alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wengi wa waliofukuzwa walirudishwa baadaye.

Naye hakuacha kulipa deni lake. Katikati ya kazi za Urais alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, na mwaka 1996 Injili zilizotungwa naye kwa utenzi zilichapishwa. Alistaafu Urais mwaka 1985 akarudi Butiama. Alifariki London Oktoba 14, 1999.

Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, una wasomi wengi waliolipiwa karo kwa kahawa ya Mbozi, kwa biashara ndogo za mpakani Tunduma na kwa michango ya jamaa. Maisha ya Mwalimu yanawakumbusha kwamba shahada si mali ya mwenye jina lililoandikwa juu yake peke yake. Dawati, kitabu, karo ya yatima mmoja, au wiki moja ya kufundisha bila malipo ni sehemu ya kurudisha chakula kijijini. Bwana awajalie moyo wa kurudi.