Mama Kevin: Mtawa Aliyetaka Wasichana wa Uganda Wawe Wakunga



Kila mwaka mvua za masika zinapojaza Bonde la Kilombero, sisi tunaoishi huku huwaombea kwa namna ya pekee akina mama wajawazito. Wengi wetu tumekulia katika familia zinazohamia mashambani wakati wa kulima mpunga, zikikaa kwenye vibanda na madungu mbali na kijiji, wiki nyingi mfululizo. Mama akishikwa na uchungu usiku akiwa huko, na maji yamefunika njia, safari ya kufika Ifakara ni ndefu kuliko kilomita zinavyoonyesha. Wazee wetu wanakumbuka vizuri miaka ya pantoni, kabla daraja halijajengwa juu ya Mto Kilombero, jinsi wagonjwa walivyosubiri ukingoni wakitazama ng'ambo.

Hapa Ifakara tuna Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, iliyotokana na kazi ya Wakapuchini na Masista wa Baldegg kutoka Uswisi. Tuna pia chuo cha uuguzi na ukunga chenye jina la Edgar Maranta, Mkapuchini aliyekuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Dar es Salaam. Wanafunzi wa ukunga tunawaona kanisani siku za Jumapili. Tumekuwa tukijiuliza: kijana wa miaka ishirini anaandaliwaje kumhudumia mama wa watoto watano, aliye na umri wa kumzaa, bila kumdharau wala kumwogopa? Swali hilo ndilo lililotufanya tusimulie mwezi huu maisha ya mtawa mmoja Mfransisko ambaye hakufanya kazi Kilombero, lakini alilishughulikia jambo hili katika nchi jirani ya Uganda, wakati ambapo hata Sheria ya Kanisa haikuwa upande wake.

Yatima wa Wicklow

Teresa Kearney alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 katika wilaya ya Wicklow, nchini Ireland. Baba yake, mkulima, alikuwa amefariki miezi michache kabla. Mama yake basi alimzaa akiwa mjane. Baadaye mama aliolewa tena, lakini naye akafariki Teresa akiwa na umri wa miaka kumi. Binti akalelewa na bibi yake mzaa mama, mwanamke wa sala nyingi, ambaye kwake alijifunza kumtegemea Mungu na kuwafungulia mlango maskini.

Bibi alipofariki, Teresa alikuwa na miaka kumi na saba. Alisomea ualimu kidogo, akafundisha Uingereza, na mwaka 1895 akaingia katika shirika la Masista Wafransisko wa Abasia ya Mtakatifu Maria huko Mill Hill, London. Mwaka 1898 alipewa jina la Sista Maria Kevin. Matumaini yake yalikuwa kutumwa Marekani kwa watu weusi wa huko. Alisubiri miaka kadhaa bila kutumwa. Wito ulipokuja, ulitoka upande mwingine kabisa: Askofu Henry Hanlon wa Wamisionari wa Mill Hill aliomba masista kwa ajili ya Uganda.

Masista sita waliondoka London mwezi Desemba 1902. Walifika kilima cha Nsambya, karibu na Kampala, tarehe 15 Januari 1903. Sista Kevin alikuwa na miaka 27.

Chini ya mwembe

Zahanati ya kwanza ya Nsambya haikuwa na kuta. Masista waliwapokea wagonjwa chini ya mwembe. Miaka hiyo ugonjwa wa malale ulikuwa ukiangamiza watu kandokando ya Ziwa Victoria, na vifo vilipita 200,000. Kulikuwa pia na ndui, malaria na magonjwa ya zinaa, na watoto wengi walikufa kabla ya kutimiza mwaka.

Mwaka 1906 masista walifungua kituo cha pili huko Nagalama. Mwaka 1910 mkuu wao aliondoka, na Sista Kevin akachaguliwa kushika nafasi yake. Tangu hapo watu wakamwita Mama Kevin, na kwa matamshi ya Kiganda, Mama Kevina. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Nsambya iligeuzwa kuwa hospitali ya wapagazi wa jeshi, wale Waafrika waliobeba mizigo katika vita isiyokuwa yao. Sisi wa Tanzania tunaijua historia hiyo, kwa sababu vita vilipita kwetu pia na vijana wengi hawakurudi. Serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani mwaka 1918 kwa kazi hiyo.

Lakini kadiri alivyoona wagonjwa wengi, ndivyo alivyozidi kusumbuliwa na jambo moja: akina mama waliokufa wakijifungua.

Sheria na uchungu wa mama

Ni lazima tueleze hali ilivyokuwa, kwa maana seminaristi wa leo anaweza kushangaa. Katika miaka ile Kanisa halikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917 uliwazuia mapadre kufanya uganga na upasuaji bila kibali cha Roma, na katazo hilo liliwahusu watawa pia. Kwa masista, shughuli za chumba cha uzazi zilihesabiwa kuwa hazipatani na nadhiri ya usafi wa moyo. Nia ilikuwa kulinda wito. Lakini katika nchi za misioni, ambako mara nyingi sista ndiye aliyekuwa muuguzi peke yake kwa mwendo wa siku nzima, matokeo yake yalikuwa machungu. Angeweza kufunga kidonda cha mwanamke, lakini saa ya kujifungua ilipofika alitakiwa kukaa kando.

Mama Kevin angeweza kuchukua njia mbili rahisi. Angeweza kuivunja sheria kimya kimya, au angeweza kuifuata na kusema kwamba vifo vile ni mapenzi ya Mungu. Hakuchukua hata moja. Aliendelea kuwaeleza wakuu wa Kanisa hitaji alilokuwa akiliona, na huku akatafuta mlango uliokuwa wazi. Sheria iliwafunga watawa. Haikuwafunga walei.

Hivyo akamtafuta daktari mlei, Evelyn Connolly, aliyekubali kuja Nsambya. Kwa pamoja, katika miaka ya 1920, walianzisha shule ya uuguzi na ukunga kwa wasichana wa Uganda. Hawakuwa peke yao katika wazo hilo. Katika kilima cha jirani, Namirembe, Bi. Katharine Cook wa misioni ya Kianglikana, aliyekuwa muuguzi, alikuwa ameanza kazi ya namna hiyo. Vilima viwili vilivyokuwa vimegawanyika kwa dini vilikubaliana juu ya jambo hili: mama wa Uganda ahudumiwe na binti wa Uganda aliyesoma.

Uamuzi huo tunaweza kuupita haraka, lakini ndani yake mna mengi. Mkunga aliyetoka katika jamii ileile anaijua lugha ya mama. Anajua ni nani mwenye neno nyumbani, ni chakula gani mjamzito hukatazwa, na ni aibu gani itamfanya anyamaze hata anapoumia. Mzungu angehitaji mkalimani katika saa ambayo mama hana nguvu ya kusema mara mbili. Na ukunga ulimpa msichana Mwafrika cheti, mshahara na heshima katika wakati ambapo wengi hawakuona sababu ya kumpeleka binti shuleni.

Hatusemi kwamba shule za wakati ule zilikuwa kamilifu. Mafunzo ya ukunga ya zama za ukoloni yalikuwa makali, na wamisionari wengi waliwaona wakunga wa jadi kama adui tu, bila kuuliza wanawake waliwaamini kwa sababu gani. Hapo kitu kizuri kilipotea, na hadi leo tunakitafuta.

Roma yafungua mlango

Mama Kevin hakuwa sauti pekee. Daktari Anna Dengel wa Austria, aliyekuwa amefanya kazi katika bara la India, alikuwa akiomba jambo lilelile, na mwaka 1925 alianzisha Marekani kikundi cha wanawake kwa ajili ya utume wa tiba. Maombi yao na ya wengine hayakwenda bure. Tarehe 11 Februari 1936, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, idara ya Propaganda Fide ilitoa waraka uliowaruhusu masista katika nchi za misioni kusomea utabibu na ukunga na kuwahudumia akina mama wakati wa kujifungua. Mama Kevin alikuwa amefikisha miaka 60. Alikuwa amesubiri zaidi ya miaka 30 tangu siku za mwembe.

Watawa wakunga tunaowaona leo katika hospitali na zahanati za majimbo yetu wanatembea katika njia iliyofunguliwa siku ile.

Masista wa nchi yenyewe

Mwaka 1923, huko Nkokonjeru, Mama Kevin alianza na wasichana wanane shirika la watawa Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Shirika hilo limeenea Uganda, Kenya na Tanzania. Alijenga pia vituo vya wenye ukoma huko Nyenga na Buluba, na alitetea elimu ya juu ya wasichana.

Mwaka 1952 masista wamisionari wa Afrika walitengwa kuwa shirika linalojitegemea, na yeye akawa mkuu wake wa kwanza. Alipostaafu uongozi akiwa na miaka 80, hakupumzika. Alitumwa Boston, Marekani, kutafuta fedha za misioni. Huko ndiko alikofariki tarehe 17 Oktoba 1957.

Mwili wake ulipelekwa Ireland. Lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali mama yao alale mbali. Waliomba arudishwe, na tarehe 3 Desemba 1957 alizikwa Nkokonjeru, mahali alipoanza na wale wasichana wanane. Jina lake lilikuwa limekwisha kuingia katika lugha ya watu, ambako kevina ni hospitali au nyumba ya huruma. Mwaka 2016 Kanisa la Uganda lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Turudi Kilombero

Maisha ya Mama Kevin yanatuambia nini sisi wa bonde hili?

Kwanza, kwa wanafunzi wa ukunga. Siku hizi vyuo vinafundisha kwamba mkunga hufanya kazi pamoja na mama. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 yanataja heshima, maelezo yanayoeleweka, na mama kuwa na msindikizaji anayemtaka mwenyewe wakati wa uchungu. Kwa lugha ya kawaida maana yake ni hii: msalimie kwanza, kwa shikamoo kama ni mkubwa kwako. Mweleze unachotaka kufanya kabla hujamgusa. Muulize safari iliyopita alijifungua vipi, kwa kuwa mwili wake anaujua kuliko wewe. Akikuambia anakaa shambani ng'ambo ya mto, usimgombeze kwa kuchelewa kliniki. Kaa naye mpange mapema atakakofikia wiki za mwisho, nani atabaki na watoto, na nauli itatoka wapi. Mama aliyepangiwa bila kuulizwa huitikia ndiyo, kisha harudi.

Pili, kwa walimu wao. Mwanafunzi anayefokewa mbele ya wagonjwa hujifunza kufoka. Atawatendea akina mama kama alivyotendewa yeye.

Tatu, kwa sisi waseminari na mapadre wetu. Tutaitwa kuzika akina mama waliokufa katika uzazi, na tutatakiwa kuhubiri. Tusikimbilie kusema ni mapenzi ya Mungu pale ambapo kulikosekana usafiri, damu au mtu wa kumsikiliza. Mama Kevin aliamini mapenzi ya Mungu kwa moyo wote, na kwa sababu hiyohiyo alitafuta daktari, akafungua shule na kuiomba Roma ibadilishe sheria. Jumuiya zetu ndogo ndogo zinaweza kuanza na hatua ndogo: kujua katika kila nyumba kumi ni nani mjamzito na miezi mingapi, na kukubaliana mapema nani ana pikipiki.

Nne, kwa akina baba. Maria alipokwenda kwa Elizabeti alikaa naye kama miezi mitatu. Mke akikaribia siku zake, mpunga unaweza kuvunwa na ndugu wengine.

Tumwombe Mtumishi wa Mungu Mama Kevin awaombee wakunga wote wa Ifakara, Mlimba, Malinyi na Mahenge, waliosoma na wanaosoma, pamoja na kila mama ambaye usiku huu yuko njiani kwenda kujifungua. Amina.