Marehemu Daudi Ochieng

Jina la Idi Amin lajulikana na kila mtoto hapa Uganda. Lakini yule mbunge aliyetaka Amin achunguzwe, karibu miaka mitano kabla hajaitwaa nchi, wengi wamemsahau. Huyo ni marehemu Daudi Ochieng.

Ochieng alikuwa Mwacholi wa kaskazini. Alisoma Budo, kisha akaenda Aberystwyth, nchi ya Wales, kujifunza ukulima. Alikuwa rafiki mkubwa wa Kabaka Mutesa II, hata akawa katibu mkuu wa Kabaka Yekka, chama cha Waganda, ingawa hakuzaliwa Muganda.

Tarehe 4 Februari 1966, Waziri Mkuu Milton Obote akiwa safarini kaskazini, Ochieng alileta hoja Bungeni. Hakuja na maneno matupu. Alishika hesabu ya benki iliyoonyesha ya kuwa zaidi ya shilingi 300,000 ziliwekwa kwa jina la Kanali Amin katika muda usiotimia mwezi. Alidai kuwa fedha hizo zilitokana na dhahabu na pembe za ndovu kutoka Congo. Akataka Amin asimamishwe kazi mpaka uchunguzi umalizike. Aliwataja pia Waziri Mkuu mwenyewe na mawaziri wawili. Nao waliyakana madai hayo. Hoja ikapita, mbunge mmoja tu akiipinga.

Basi, Bunge halina askari wala jela. Silaha yake ni swali, nalo swali halina nguvu ikiwa serikali haikubali kwamba yapaswa kujibu. Tarehe 22 Februari mawaziri watano walikamatwa mkutanoni, na muda si muda katiba ikaondolewa. Amin, badala ya kusimamishwa, alipandishwa cheo. Tume ya majaji watatu iliundwa kuyachunguza madai, lakini taarifa yake haikutolewa kwa watu mpaka 1971, Obote alipokwisha kupinduliwa na Amin mwenyewe.

Ochieng hakuyaona hayo. Saratani ilimwua mapema Juni 1966, siku chache baada ya jeshi, likiongozwa na Amin, kulivamia jumba la Kabaka huko Mengo.

Wenzangu, hakuna ajuaye mambo yangalikuwaje kama hoja ile ingalitimizwa. Twajua tu ya kuwa Bunge liliuliza mapema na likajibiwa kwa kuchelewa. Na jibu lilipotoka, Bunge lenyewe halikuwapo tena: Amin alikuwa amelivunja.