Mtakatifu Yeronimo wa Betlehemu

Kusini ya Yeruzalemu, mwendo wa kilometa 8 hivi, kuna mji juu ya kilima. Ndio Betlehemu. Kwa Kiebrania jina hilo maana yake ni Nyumba ya Mkate, na mashamba yake yalizaa ngano na shayiri. Huko Ruta, mjane aliyetoka nchi ngeni, aliokota masuke nyuma ya wavunaji, apate kumlisha mama mkwe wake. Huko Daudi, kitukuu wa Ruta, alichunga kondoo wa baba yake. Na huko Bikira Maria alimzaa Bwana wetu Yezu Kristu, akamlaza horini, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyumbani mwa wageni.

Katika mji huo mdogo alikaa mtu mmoja miaka zaidi ya 30, akiandika. Jina lake Yeronimo.

Yeye hakuwa mtu wa huko. Alizaliwa Ulaya, katika mji wa Stridon, karibu na mwaka 347. Wazazi wake walikuwa wakristu, tena wenye mali, wakampeleka Roma kusoma. Alipenda vitabu kuliko chakula. Baadaye alikwenda kuishi peke yake katika jangwa la Siria. Mwili ulikaa jangwani, lakini mawazo yake yalirudi kila mara katika michezo ya Roma. Basi, ili ayashinde, akaanza kujifunza Kiebrania kwa Myahudi mmoja aliyeongoka. Kazi hiyo ilimwuma sana. Sauti za lugha ile zilimkwaruza koo. Mara nyingi alikata tamaa akaacha, kisha akaanza tena. Watoto mnaojifunza lugha ya pili shuleni mnajua jambo hilo.

Mwaka 382 alirudi Roma, na Papa Damaso akamfanya mwandishi wake. Siku zile vitabu viliandikwa kwa mkono. Mwandishi mmoja aliruka neno, mwingine aliongeza lake, hata Injili za Kilatini hazikupatana tena. Papa akamwagiza azisahihishe.

Yeronimo alikuwa na hasira ya upesi na kalamu kali. Aliwakemea mapadri waliopenda anasa, nao wakamchukia. Papa alipokufa mwaka 384, hakubaki mtu wa kumlinda. Mwaka uliofuata alipanda chombo akaenda zake. Paula, mjane tajiri wa Roma, alimfuata pamoja na binti yake Eustokia, na mwaka 386 wakafanya makao Betlehemu, karibu na kanisa kubwa lililojengwa juu ya pango la Kuzaliwa wakati wa Kaisari Konstantino.

Paula alitoa mali yake yote. Alijenga nyumba ya watawa wanaume, na nyingine ya wanawake, tena nyumba ya wageni kando ya njia. Hiyo ya wageni aliitaka hasa, maana alikumbuka kwamba Maria na Yozefu hawakupata pa kulala katika mji ule. Alipokufa mwaka 404, alimwachia binti yake madeni tu.

Yeronimo sasa alitafsiri Agano la Kale kutoka Kiebrania chenyewe. Mwalimu Myahudi alimjia usiku, kwa kuogopa wenzake. Kazi ilichukua miaka 15 hivi, na wengi hawakumshukuru. Katika mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli huko Libya, askofu alisomesha kitabu cha Yona katika tafsiri mpya. Mmea uliompa Yona kivuli, ambao watu waliujua kuwa mmumunye, sasa ulikuwa mmea mwingine, ule utambaao ukutani. Watu wakafanya ghasia kanisani kwa ajili ya neno hilo moja, hata askofu karibu abaki bila waumini!

Mwaka 410 ikaja habari ya kutisha: jeshi la Wagoti limeingia Roma na kuuteka mji. Yeronimo alilia. Halafu wakimbizi wakaanza kufika Betlehemu. Watu waliokuwa matajiri jana, leo waliomba chakula mlangoni. Yeronimo alikuwa katikati ya kueleza kitabu cha nabii Ezekieli. Alikuwa mzee, macho yake yamechoka, na siku za kuandika zilikuwa chache. Akaweka kalamu chini akawahudumia. Kitabu kiliendelea polepole, usiku, kwa mwanga wa taa.

Mwaka 416 watu wakorofi walishambulia nyumba zake za watawa, wakazichoma moto. Shemasi mmoja aliuawa. Yeronimo na wenzake waliponea katika mnara imara. Akafa tarehe 30 Septemba 420.

Wachoraji humweka simba miguuni pake, lakini hadithi ya simba huyo ilikuwa kwanza ya mtawa mwingine, Gerasimo wa Yordani. Tafsiri yake ndiyo iliyosomwa na Kanisa la Kilatini miaka zaidi ya 1000. Alizikwa Betlehemu, karibu na Paula na Eustokia. Mahujaji hushuka hata leo katika mapango yaliyo kando ya pango la Kuzaliwa, wakaonyeshwa chumba cha mwamba ambamo, kwa masimulizi ya wenyeji, Yeronimo aliandika.