J.L.B. Smith, mwalimu wa kemia aliyemsaka samaki kwa miaka 14

Mwaka 2001 silakanti alinaswa katika bahari ya Malindi. Wengi hapa Pwani hawajui kwamba kuna mtu aliyemaliza miaka 14 ya maisha yake akimtafuta samaki huyo.

James Leonard Brierley Smith alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1897. Vita vya kwanza vya dunia vilimleta Afrika Mashariki akiwa askari kijana, na maradhi aliyoyapata huku yalimdhoofisha hadi uzeeni. Alisomea kemia hadi Cambridge, akaifundisha chuoni Grahamstown. Samaki alijifunza mwenyewe, kwa mapenzi tu.

Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya East London, alimwona samaki wa ajabu kwenye meli ya uvuvi, akamchorea Smith na kumtumia barua. Smith alipigwa na butwaa. Ukoo wa samaki huyo ulijulikana kwa visukuku tu, na ilidhaniwa umetoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Mapezi yake yana mashina ya nyama na mifupa, mfano wa miguu.

Lakini alipofika, matumbo yalikuwa yameshatupwa. Ilibaki ngozi iliyojazwa. Bila viungo vya ndani, nusu ya siri ilikuwa imepotea.

Ndipo yeye na mkewe Margaret wakaanza kuzunguka pwani yetu, hadi Kenya na Unguja, wakigawa karatasi zenye picha na ahadi ya pauni 100. Desemba 1952, mvuvi wa Nzuani, Ahamadi Abdallah, alimpata wa pili. Wakomoro walikuwa wakimjua siku zote, wakimwita gombesa. Smith alipelekwa kwa ndege ya jeshi, na alipomwona alilia.

Hakuwa mkamilifu. Kwa kuwa samaki huyo alikosa pezi moja la mgongoni, Smith alimpa jina jipya kama aina nyingine, na alikosea. Kisha Wafaransa waliotawala Komoro wakawazuia wageni, na uchunguzi kamili wa viungo ukafanywa Paris.

Smith alifariki mwaka 1968. Margaret aliongoza taasisi ya samaki iliyopewa jina la mumewe, na hadi leo wanafunzi wanafanya utafiti pale.

Vijana wetu waliokulia kwenye ngalawa wanawajua samaki kwa majina kabla ya kujua kusoma. Smith alianza na kidogo kuliko hicho. Wazazi, mtoto akiuliza ndani ya samaki kuna nini, msimfukuze jikoni. Mpeni kisu, apasue atazame.