Harry Thuku: Mfungwa wa Kismayu aliyekataa kipande

Sisi tulioukimbia mji wa Kismayu 1991 kisha tukarudi, pamoja na ndugu zetu wanaovusha bidhaa kati ya Kiunga na Rasi Kamboni, tunaijua nguvu ya karatasi. Bila karatasi husogei, na ukiuliza mbona unatozwa, waitwa mkorofi. Ndiyo sababu leo nawasimulia habari za mtu ambaye mji wetu ulifanywa jela yake.

Harry Thuku alizaliwa Kambui, Kiambu, mwaka 1895. Alikuwa mpokeaji simu katika Hazina ya serikali ya kikoloni, Nairobi, kazi ambayo Mwafrika wa wakati huo angeing'ang'ania kwa meno. Walowezi walipopunguza mishahara ya vibarua kwa thuluthi moja mwaka 1921, alianzisha chama na wenzake. Alipinga kodi, kipande ambacho wanaume walining'iniza shingoni, na wasichana kulazimishwa kazi mashambani. Alipotakiwa kuchagua kati ya siasa na kazi, aliacha kazi.

Machi 14, 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye umati uliodai aachiliwe ulimiminiwa risasi. Serikali ilikiri kuwa watu 21 waliuawa, mmoja wao Muthoni Nyanjiru, aliyewaongoza wanawake. Bila kufikishwa mahakamani, Thuku akaletwa Kismayu, uliokuwa bado chini ya Kenya. Jubaland ilipokabidhiwa Waitaliano 1925, alihamishiwa Lamu, Witu, kisha Marsabit. Aliachiliwa mwishoni mwa 1930.

Je, ilifaa? Kodi ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi 12, lakini kipande kiliendelea kwa miaka mingi. Thuku mwenyewe alirudi akiwa mpole, akapinga Mau Mau, na wengi wakamwita msaliti. Alifariki 1970 akiwa mkulima wa kahawa.

Mimi ni muuza samaki. Niliwahi kuomba risiti kizuizini, nikawekwa juani hadi jioni na mzigo ukaoza. Hasara ilikuwa yangu peke yangu. Lakini mama aliyekuwa nyuma yangu naye aliomba yake.

Thuku alikuwa na umati, na bado risasi zililia. Kwa hivyo simdanganyi mtu kwamba kusema ni jambo jepesi. Ila kunyamaza nako kuna bei yake, nasi twailipa kila safari.