Maisha ya Padre Ignaz Seipel, Aliyeiokoa Fedha ya Austria

Katika toleo hili napenda kuwaeleza habari za mtu ambaye huenda wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake, ingawa siku zake alijulikana Ulaya nzima. Nina sababu ya kumchagua. Mwaka 1994, nilipokuwa darasa la nne, baba yangu, aliyekuwa karani, alirudi nyumbani mchana na barua ya kupunguzwa kazi. Tuliambiwa kuwa matumizi yamezidi, hayana budi kubanwa. Mwaka uliofuata dada yangu mkubwa aliacha shule kwa kukosa ada. Baadaye sana, nilipokuwa nikisomea ualimu, nilikutana na habari za Padre Seipel, na tangu hapo sijaacha kumfikiria.

Ignaz Seipel alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 19 Julai 1876. Baba yake alikuwa mwendesha gari la farasi la kukodi, basi hakuzaliwa katika utajiri. Alipata upadre mwaka 1899, kisha akafundisha elimu ya maadili katika vyuo vikuu vya Salzburg na Vienna. Mwaka 1907 alitoa kitabu juu ya mafundisho ya mababa wa Kanisa la kale kuhusu mali na uchumi. Kwa hiyo mambo ya tajiri na maskini aliyajua vitabuni kabla hayajamfika mikononi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, milki kubwa ya Austria na Hungaria, yenye watu zaidi ya milioni 50, ilivunjika. Ikabaki Austria ndogo ya watu kama milioni sita na nusu, nayo ikarithi makarani wengi mno wa ile milki kubwa. Chakula kilikuwa haba, kodi hazikutosha, na Serikali ikawa inalipa kwa kuchapa noti. Noti zilipozidi, bei zilipanda. Bei zilipopanda, zikachapwa noti nyingine. Fedha yao iliitwa kroni. Mwaka 1914 dola moja ya Marekani ilipatikana kwa kroni 5 hivi. Mwezi Agosti 1922 ilitaka zaidi ya kroni 80,000. Katika mwezi huo mmoja tu bei zilizidi mara mbili.

Seipel alikuwa amekwisha kuwa Kansela, yaani mkuu wa Serikali, tangu tarehe 31 Mei 1922. Mwezi Agosti alifunga safari, akaenda Prague, Berlin na Verona. Kila jirani aliogopa jirani mwenziwe asije akaitwaa Austria, naye akaitumia hofu hiyo kwa akili nyingi. Tarehe 6 Septemba alisimama mbele ya Baraza la Shirikisho la Mataifa mjini Geneva. Ni Baraza hilo hilo ambalo mwezi Julai mwaka ule liliithibitishia Uingereza udhamini wa kuitawala Tanganyika.

Tarehe 4 Oktoba 1922 mapatano yalitiwa sahihi. Uingereza, Ufaransa, Italia na Chekoslovakia zilikubali kudhamini mkopo wa kroni za dhahabu milioni 650. Austria iliweka rehani mapato yake ya forodha na ya tumbaku. Mholanzi mmoja, Alfred Zimmerman, aliyekuwa meya wa Rotterdam, alikuja Vienna kusimamia matumizi ya Serikali, akakaa mpaka mwaka 1926. Tena Austria iliahidi kuwaondoa kazini watumishi wa Serikali 100,000.

Dawa ilifanya kazi. Mwezi Novemba 1922 Serikali iliacha kuchapa noti za kulipia madeni yake, na mwaka 1923 Benki ya Taifa mpya ikaanza kazi. Bei zikatulia. Mwezi Machi 1925 ikaja fedha mpya, nayo iliitwa shilingi. Shilingi moja ilibadilishwa kwa kroni 10,000. Mjane aliyeweka akiba ya kroni 10,000 kabla ya vita alikuwa na fedha ya kutosha. Sasa zote zilimpatia shilingi moja.

Na dawa hiyo ilikuwa chungu. Makumi ya maelfu ya makarani na wafanyakazi wa reli walipoteza kazi. Mwanzoni mwa mwaka 1923 watu wasio na kazi walizidi laki moja. Kodi mpya iliwekwa juu ya kila kinachouzwa, hata maskini akailipa dukani. Seipel mwenyewe hakujitajirisha. Aliishi maisha ya kawaida katika nyumba ya masista. Lakini tarehe 1 Juni 1924, katika stesheni ya reli mjini Vienna, mfanyakazi mmoja wa kiwanda, Karl Jaworek, aliyeona kuwa Kansela ndiye chanzo cha umaskini wake, alimpiga risasi. Seipel aliponea chupuchupu, ila afya yake haikurudi kama zamani. Novemba mwaka huo wafanyakazi wa reli waligoma kwa ajili ya mishahara, naye akajiuzulu.

Alirudi madarakani mwaka 1926. Tarehe 15 Julai 1927 watu wenye hasira juu ya hukumu moja walilichoma jengo la mahakama Vienna, polisi wakafyatua risasi, na watu 89 wakafa. Seipel aliwatetea polisi. Wapinzani wake wakamwita padre asiye na huruma. Aliacha ukansela mwaka 1929, akafariki Pernitz tarehe 2 Agosti 1932, akiwa na miaka 56.

Mimi siwezi kumlaani. Kama kroni ingeachwa iporomoke, maskini ndio wangeumia kwanza. Kwetu pia bei zilitulia baadaye, na baba alitusomesha wadogo wawili kwa bustani ya mchicha. Lakini dada yangu hakurudi shule tena. Hesabu za Geneva zilikuwa sahihi, ila wasiokuwapo mezani ndio waliozilipa.

Basi ninyi vijana, ambao kesho mtashika kalamu katika maofisi makubwa, siku mtakapoandika kuwa watu kadhaa wapunguzwe, ulizeni kwanza watakula nini, na watoto wao watasoma wapi.

Mwalimu wa Historia